Mchoraji Aliyeitafutia Shule Bendera

Yafaa leo tumkumbuke Nicholas Roerich, mchoraji wa Urusi, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1874. Baba yake alimtaka awe mwanasheria. Kijana akasoma sheria na uchoraji pamoja, na vyote viwili vikamfaa baadaye.

Mnamo Agosti 1914 askari wa Kijerumani waliiteketeza maktaba ya Chuo Kikuu cha Louvain, huko Ubelgiji. Vitabu zaidi ya laki mbili viliungua. Roerich, ambaye miaka kumi nyuma alikuwa amezunguka miji ya kale ya Urusi akichora makanisa na ngome zake, alijua hasara hiyo ni ya namna gani. Hospitali za vita zilikuwa na Msalaba Mwekundu. Shule je? Hazikuwa na alama yao.

Mwaka 1929 yeye na mwanasheria Georges Chklaver walitoa rasimu ya mkataba, pamoja na bendera: kitambaa cheupe, duara nyekundu, na ndani yake madoa matatu mekundu. Tarehe 15 Aprili 1935 mataifa 21 ya bara la Amerika yaliutia sahihi mjini Washington, mbele ya Rais Roosevelt. Majumba ya makumbusho, ya elimu na ya sanaa yasishambuliwe, wakati wa amani wala wa vita; na watumishi wake nao walindwe. Kwa maoni yetu neno hilo la watumishi ndilo zito kuliko yote, maana jengo hujengwa tena, bali mwalimu aliyeuawa harudi. Lakini jengo likitumiwa kwa mambo ya kijeshi, ulinzi huo hukoma.

Roerich hakuwapo siku hiyo. Alikuwa Asia, akiitafutia serikali ya Marekani majani yanayostahimili ukame. Punde Waziri Henry Wallace, aliyetia sahihi kwa niaba ya Marekani, akamkana, na akadaiwa kodi nyingi. Hakurudi tena huko. Mataifa makubwa ya Ulaya hayakuungana na mkataba, na vita ya 1939 iliyakuta hivyo.

Alifariki India, katika bonde la Kulu, Desemba 1947. Miaka saba baadaye mataifa yalikutana The Hague, yakaandika mkataba mpana zaidi wa kulinda mali ya utamaduni. Sisi waandishi wa magazeti tulingoja hadi mwaka 1977, ndipo itifaki ya Geneva ikatamka kwamba mwandishi aliye vitani ahesabiwe kuwa raia.