Michael Faraday: Mwana wa Mhunzi Aliyeizalisha Nguvu ya Umeme

Miongoni mwa watu walioacha alama kubwa duniani bila ya mali wala ukoo mkubwa, yumo Michael Faraday wa Uingereza. Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, baba yake akiwa mhunzi aliyesumbuliwa na maradhi. Elimu yake ilikuwa ya kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo tu. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa kwa mjalidi wa vitabu ajifunze kazi. Vitabu alivyopewa kuvijalidi, akavisoma.

Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaandika aliyoyasikia, akayajalidi na kumpelekea. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi katika Royal Institution, London.

Katika miaka ya 1820 alijaribu mara kadhaa kupata umeme kutokana na sumaku, asifanikiwe. Hakukata tamaa. Mwaka 1831 alithibitisha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya msokoto wa waya, umeme huzaliwa katika waya, ingawa havigusani. Vituo vya umeme vya mto Sebeya, unaomwaga maji yake Ziwa Kivu karibu na Gisenyi, vilijengwa juu ya kanuni hiyo hiyo.

Askari wana sababu ya kumkumbuka, kwani kwa takriban miaka 20 aliwafundisha kemia wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Woolwich. Alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield waliweka msokoto wa waya juu ya kichwa cha mtu, wakaupitishia umeme kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Nguvu ya sumaku ilipenya fuvu, ikazalisha umeme ndani ya ubongo, na mkono ukashtuka wenyewe bila ya kisu wala sindano.

Kutokana na hayo, matabibu walianza kuwatibu waliopooza kwa kiharusi. Upande mmoja wa ubongo ukidhurika, ule mzima waweza kuuelemea. Sumaku ikipigwa polepole hutuliza upande mzima. Ikipigwa upesi huamsha uliodhurika. Wagonjwa wengine wamepata nafuu ya mkono, wengine hawakupata. Tena, tiba hii haimfai kila mtu: mwenye chuma kichwani au mwenye kifafa hana budi kumweleza daktari kwanza.

Wala sumaku haishiki nafasi ya mazoezi. Kiungo kilicholegea hurudishwa kwa kurudia tendo lile lile kila siku, kama kuruta anavyorudia gwaride. Askari aliyepigwa na kiharusi asihesabiwe kuwa amekwisha. Awahishwe hospitali, kisha asaidiwe kufanya mazoezi. Faraday alishindwa miaka mingi kabla ya waya wake kuitika.