Otto Lilienthal: Mhandisi aliyepima kama binadamu anaweza kuruka kwa nguvu zake

Tarehe 10 Agosti 1896 mhandisi Otto Lilienthal alifariki dunia katika kliniki moja mjini Berlin, siku moja baada ya kuanguka na chombo chake cha kuruka. Alikuwa na umri wa miaka 48. Kwa miaka mitano alikuwa ameruka zaidi ya mara 2,000 bila injini, wakati ambapo watu wengi, wakiwemo wasomi, waliona safari ya angani kuwa ndoto ya wendawazimu.

Utoto na korongo

Lilienthal alizaliwa Mei 23, 1848 katika mji mdogo wa Anklam, uliokuwa sehemu ya ufalme wa Prussia na ambao leo uko kaskazini mashariki mwa Ujerumani. Baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa, alifariki watoto wakiwa bado wadogo, na mama yao Caroline akabaki kuwalea peke yake.

Otto na mdogo wake Gustav walipenda kwenda mashambani kuwatazama korongo weupe, ndege wale wale ambao Ulaya inapoingia baridi hufunga safari hadi Afrika, wakiwemo wanaofika Kenya na Tanzania. Watoto hao waligundua jambo moja: korongo anapotaka kupaa hukimbia kuuelekea upepo, si kuukimbia. Wakajitengenezea mabawa ya kufunga mikononi. Walikwenda kuyajaribu usiku, ili wanafunzi wenzao wasiwacheke. Mabawa hayo hayakuwainua.

Jaribio la kamba na uzito

Mwishoni mwa miaka ya 1860, Otto akiwa kijana anayesomea uhandisi Berlin, ndugu hao waliunda mtambo mkubwa zaidi wenye mabawa ya kupigapiga. Waliamua kutumia miguu kwa sababu ina nguvu kuliko mikono. Mtu alisimama ndani ya mtambo na kusukuma kwa miguu, na mabawa yakapanda na kushuka.

Waliuning'iniza mtambo kwa kamba iliyopita juu ya kapi, na upande wa pili wa kamba wakafunga uzito wa kusawazisha. Mtu pamoja na mtambo walikuwa na takriban kilo 80. Kwa kusukuma kwa nguvu zote, waliweza kuinuka pale tu uzito wa upande wa pili ulipokuwa kilo 40. Yaani misuli ya binadamu ilibeba nusu ya mzigo, na hiyo kwa muda mfupi tu kabla ya pumzi kukata.

Matokeo hayo yangeweza kumkatisha tamaa. Badala yake yalimpa swali jipya: ikiwa nguvu za mtu hazitoshi kumwinua, je, bawa lenyewe linaweza kufanya kazi hiyo likisaidiwa na upepo?

Kutoka vipimo hadi kilimani

Baada ya kupigana katika vita kati ya Prussia na Ufaransa vya 1870 na 1871, Lilienthal alijenga maisha yake kama mhandisi. Alimwoa Agnes Fischer mwaka 1878, wakapata watoto wanne. Alianzisha kiwanda cha injini za mvuke mjini Berlin, na wafanyakazi wake aliwapa robo ya faida, jambo lililokuwa nadra sana wakati huo.

Jioni na siku za mapumziko aliendelea na vipimo pamoja na Gustav. Walifunga mabawa ya maumbo mbalimbali kwenye mkono unaozunguka, wakapima nguvu ya hewa juu ya kila moja. Waligundua kwamba bawa lililopinda kidogo, kama la ndege, linanyanyua mzigo mkubwa zaidi kuliko bawa bapa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1889 katika kitabu kuhusu namna ndege wanavyoruka.

Mwaka 1891, akiwa na miaka 43, alianza kuruka mwenyewe karibu na kijiji cha Derwitz, magharibi mwa Berlin. Umbali ulikuwa kama mita 25. Miaka miwili baadaye, kwenye vilima vya Rhinow, alifikia mita 250. Mwaka 1894 alijenga kilima chake cha udongo chenye urefu wa mita 15 huko Lichterfelde.

Vyombo vyake vilikuwa vya fito nyepesi zilizofunikwa kitambaa cha pamba. Alijishikilia kwa mikono katikati ya mabawa, na sehemu ya chini ya mwili ikining'inia. Usukani wake ulikuwa miguu: aliirusha kushoto, kulia, mbele au nyuma ili kuhamisha uzito. Picha zake akiwa hewani zilisambaa duniani. Chombo kimoja alikiuza kwa mark 500, na miongoni mwa wanunuzi walikuwa mwanasayansi Nikolai Zhukovsky wa Urusi na Percy Pilcher wa Uingereza.

Hata hivyo, mabawa ya kupigapiga hakuyasahau. Kwa kuwa alijua kiasi cha nguvu kinachopungua kwa binadamu, aliunda injini ndogo ya gesi ya kaboni dayoksaidi ili kuyasaidia. Hakufanikiwa kuruka nayo.

Agosti 9, 1896

Siku hiyo aliruka kutoka kilima cha Gollenberg, karibu na kijiji cha Stölln. Upepo ulikinyanyua chombo ghafla, kikapoteza mwendo, na kurusha miguu mbele hakukutosha kukirudisha sawa. Alianguka kutoka kimo cha kama mita 15 na kuvunjika shingo. Miaka mitatu baadaye Pilcher naye alikufa kwa ajali ya chombo cha aina hiyo.

Habari za kifo cha Lilienthal ziliwafikia ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Walianza na vipimo vyake, kisha wakavipima upya wenyewe. Kutokana na ajali yake walijua kwamba kuhamisha mwili hakutoshi kuongoza ndege. Desemba 1903 waliruka kwa injini.

Swali la kuruka kwa misuli peke yake lilisubiri hadi Agosti 1977, huko California. Mwendesha baiskeli Bryan Allen alikanyaga pedali za ndege iitwayo Gossamer Condor na kuzunguka njia yenye umbo la nane. Ndege hiyo ilikuwa na kilo 32 tu, lakini mabawa yake yalitanda mita 29, zaidi ya mara nne ya yale ya chombo ambacho Lilienthal alikiuza. Nguvu za binadamu hazikuwa zimeongezeka. Kilichobadilika ni bawa, na bawa ndilo alilolichunguza Lilienthal maisha yake yote.