Stewart Edward White

Stewart Edward White (12 Machi 1873 – 18 Septemba 1946) alikuwa mwandishi na mwindaji kutoka Marekani. Katika nchi yake anajulikana hasa kwa riwaya zake kuhusu wakata magogo wa Michigan na walowezi wa California. Katika historia ya Tanzania anakumbukwa kwa safari yake ya mwaka 1913 katika eneo ambalo leo ni sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Vitabu vyake viliwafanya wawindaji wa Marekani na Ulaya waifahamu nyika hiyo. Uwindaji wa simba ulioenea huko baadaye ulikuwa sababu mojawapo ya kutengwa kwa hifadhi.

Maisha ya awali

White alizaliwa katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan na kupata shahada ya kwanza mwaka 1895, kisha shahada ya uzamili mwaka 1903. Riwaya iliyompa umaarufu ni The Blazed Trail ya mwaka 1902, inayohusu kazi ya kukata miti katika misitu ya Michigan. Mwaka 1904 alimwoa Elizabeth Grant, aliyeitwa Betty, na baadaye wakaishi California.

Alikuwa hodari sana wa kulenga shabaha. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alimsifu kuwa mlengaji bora kuliko wote waliowahi kupiga bunduki na bastola katika uwanja wake wa shabaha huko Sagamore Hill.

Safari za kwanza Afrika Mashariki

White alifika Kenya, iliyoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Kiingereza, kwenye miaka ya 1910 na 1911. Kiongozi wa safari alikuwa R. J. Cuninghame, mwindaji aliyekuwa amemwongoza Roosevelt mwaka 1909. Kutokana na safari hiyo White aliandika The Land of Footprints (1912) na African Camp Fires (1913).

Katika vitabu hivyo anamtaja mara nyingi Memba Sasa, Mwafrika aliyekuwa mbeba bunduki wake. Mbeba bunduki alifuata nyuma ya mwindaji akiwa na bunduki ya pili, alisoma nyayo, na mara nyingi ndiye aliyemwona mnyama kwanza. Mnyama aliyejeruhiwa akirudi kushambulia, alitakiwa kusimama mahali pake bila kukimbia. White alimsifu Memba Sasa kwa ujuzi na ushujaa.

Bunduki na ulengaji

White alipenda bunduki ya Springfield ya mwaka 1903, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani. Fundi Ludwig Wundhammer wa Los Angeles alimtengenezea moja yenye kitako cha kuwindia. Inahesabiwa kati ya Springfield za kwanza kubadilishwa kutoka silaha ya vita kuwa bunduki ya mwindaji. Mtutu wake una kipenyo cha ndani cha milimita 7.62, na risasi ya kijeshi ya wakati huo ilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde. Kwa wanyama wakubwa White alibeba pia Winchester ya mwaka 1895 na bunduki nzito ya mitutu miwili kutoka Uingereza.

Wakati huo wawindaji wengi wa Afrika Mashariki walilenga kwa vyuma viwili tu: kimoja chenye mfuo au tundu karibu na jicho, na kingine kidogo kwenye ncha ya mtutu. Darubini za bunduki zilikuwepo, lakini kuzifunga kulikuwa na matatizo. Mpini wa kufungulia Springfield huinuka juu kila risasi inapobadilishwa, na risasi za jeshi zilipakiwa kutoka juu. Kwa hiyo darubini haikuweza kukaa chini kabisa katikati ya bunduki. Jeshi la Marekani lilipochukua darubini ya Warner & Swasey kuanzia mwaka 1908, iliwekwa ubavuni, upande wa kushoto. Ilikuwa nzito, na mlengaji alilazimika kupeleka kichwa pembeni.

Bunduki zinazojipakia zenyewe zilikuwa pia zimeanza kuuzwa kwa wawindaji, kwa mfano Remington Model 8 ya mwaka 1906. Kwa bunduki za aina hiyo darubini inapaswa kufungwa mahali ambapo haizuii maganda ya risasi yanayorushwa nje. Vifungio navyo vinahitaji kukazwa sana, kwa sababu kikisogea hata kidogo, risasi haiendi tena pale jicho linapolenga.

Serengeti mwaka 1913

Mwaka 1913 White na Cuninghame waliondoka Nairobi kuelekea kusini na kuvuka mpaka wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya siku nyingi za kutembea katika nchi kavu iliyoungua walifika kwenye mto Bologonja, karibu na mpaka wa Kenya wa leo. Huko walikuta miti ya kijani, maji na makundi makubwa ya wanyama. White alichora ramani za njia yake, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampokea kuwa mwanachama. Masimulizi ya safari yalichapishwa mwaka 1915 katika kitabu The Rediscovered Country, jina lenye maana ya nchi iliyogunduliwa upya.

Nchi hiyo haikuwa ngeni kwa wenyeji. Waikoma, Wanata, Wakuria na Wamasai waliitumia kwa kilimo, malisho au uwindaji. Mwaustria Oscar Baumann alipita Serengeti mwaka 1892, na Wajerumani walikuwa wamejenga boma huko Ikoma, katika wilaya ya Serengeti ya leo. Sehemu nyingi zilionekana tupu kwa sababu ya maafa ya miaka ya nyuma. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, iliua sehemu kubwa sana ya mifugo pamoja na nyati na nyumbu. Ilifuatwa na njaa na ndui. Watu walipopungua vichaka vilienea, na pamoja navyo mbung'o.

Uwindaji wa simba

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia White alikuwa meja katika kikosi cha mizinga cha California. Mwaka 1925 alirudi Tanganyika, iliyokuwa sasa chini ya Waingereza. Alifuatana na daktari Saxton Pope na Arthur Young, Wamarekani waliotaka kuwinda simba kwa upinde na mshale, na mwenyeji wao alikuwa Leslie Simson, mhandisi wa migodi. Pope na Young walipolenga kwa mishale, wenzao walikaa tayari na bunduki kuwalinda. White alieleza habari hizo katika Lions in the Path (1926). Historia za hifadhi hutaja simba 50 kuwa idadi iliyouawa na White na wenzake katika muda wa miezi mitatu.

Upinde ulikuwa silaha ya uwindaji ya wenyeji wa Ikoma na Kuria tangu zamani. Hata hivyo, sheria za wanyamapori zilizoanza wakati wa Wajerumani mwaka 1896 zilimpa nafasi mgeni mwenye leseni, huku uwindaji wa wenyeji ukizuiwa hatua kwa hatua na mwishowe kuitwa ujangili.

Simba walipopungua, serikali ilitenga eneo dogo kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1921, na mwaka 1929 likawa hifadhi kamili. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani walihamishiwa upande wa Ngorongoro.

Miaka ya mwisho

Katika uzee wake White aliandika hasa kuhusu mambo ya roho. The Betty Book (1937) ilitokana na maono ambayo mke wake alisema ameyapata. Betty alifariki mwaka 1939, na mwaka uliofuata White alitoa The Unobstructed Universe, akidai kwamba alikuwa akipokea ujumbe kutoka kwake. White alifariki huko Hillsborough, California, akiwa na umri wa miaka 73.

Katika masimulizi mengi kuhusu Serengeti jina lake bado linatajwa mwanzoni, kabla ya majina ya watu waliokuwa wakiishi pale alipofika.