Profesa Luigi Broglio na Roketi za Malindi

Wengi wetu tumewaona wavuvi wa Ziwa Babati. Mpiga kasia huyasukuma maji nyuma, na mtumbwi huenda mbele. Ndege nayo ni vivyo hivyo: injini yake huisukuma hewa nyuma. Lakini juu kabisa, kusiko na maji wala hewa, chombo kitasukuma kitu gani? Roketi hubeba fueli yake pamoja na oksijeni ya kuiunguzia. Huutupa moshi wake nyuma kwa nguvu, na moshi huo huisukuma mbele. Mtu aliyeitumia elimu hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki ni marehemu Profesa Luigi Broglio.

Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, nchini Italia, mwaka 1911. Alisomea uinjinia, akawa afisa wa jeshi la anga, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Roma.

Italia haikuwa na roketi kubwa kama Marekani na Urusi. Mwaka 1962 ilipatana na Marekani: Waitalia watengeneze setilaiti, nao Wamarekani watoe roketi iitwayo Scout. Tarehe 15 Desemba 1964 mafundi wa Broglio waliirusha San Marco 1 kutoka Marekani.

Hata hivyo Scout ilikuwa roketi ndogo, na msukumo hauongezeki kwa kutamani. Broglio akapiga hesabu. Dunia inapozunguka, mtu aliye Ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa. Aliye Roma, kilometa 1,240 hivi. Basi roketi irushwayo mashariki kutoka karibu na Ikweta huanza safari na mwendo huo bila kuunguza fueli hata kidogo. Kwa hiyo alichagua bahari ya Kenya, kaskazini ya Malindi, nyuzi 3 hivi kusini ya Ikweta. Huko yalisimamishwa majukwaa ya chuma baharini, ili roketi ipite juu ya maji na mabaki yake yasiwaangukie watu.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, Waitalia waliirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ikapewa jina la Uhuru. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988. Broglio alifariki Januari 2001, na kituo cha Malindi kikapewa jina lake.

Wanafunzi wenzangu, hapa Maisaka tuko nyuzi 4 na kidogo tu kusini ya Ikweta, na Dunia yatuchukua kwa mwendo karibu sawa na ule wa Malindi. Mwenye chombo kidogo asikate tamaa. Apige hesabu kwanza, ajue mahali pa kusimama.