Mkwawa: Kutoka Kalenga Hadi Ujerumani, na Kurudi

Ukikaa Iringa hata muhula mmoja, jina la Mkwawa utalizoea. Lipo hata kwenye chuo kikuu kishiriki cha elimu. Lakini waulize wanachuo wangapi wamefika Kalenga, kilometa chache tu kutoka mjini, utaona mikono inayonyooshwa ni ya kuhesabu.

Huyu mzee jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Alizaliwa Luhota, karibu mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha koo nyingi zikawa dola moja ya Wahehe. Alipofariki mwaka 1879 ukazuka ugomvi wa urithi, na Mkwawa ndiye aliyeibuka mshindi.

Sasa hapa nina la kusema, maana mimi nimekulia Mbeya, upande wa Usangu. Kwetu hadithi hii inaanzia kwingine kabisa. Wahehe ndio waliomfukuza Mtemi Merere kutoka Utengule, Wasangu wakaishi ugenini miaka mingi. Ndiyo maana Wajerumani walipokuja, Wasangu waliungana nao ili warudi kwao. Shujaa wa jirani yako anaweza kuwa ndiye aliyemhamisha babu yako.

Hata hivyo, ushujaa wake haupingiki. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilivamiwa pale Lugalo. Wahehe walijificha vichakani wakasubiri msafara uingie katikati. Zelewski aliuawa pamoja na askari wake wengi. Mnara wa kumbukumbu upo kandokando ya barabara ya kwenda Dar. Mabasi yanaupita kila siku na sisi tumelala.

Wajerumani walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga, yenye ukuta wa mawe na udongo, ikaanguka. Mkwawa akaingia porini, na kwa karibu miaka minne watu wake wakamlisha na kumficha. Tom von Prince alimsimika mdogo wake, Mpangile, kuwa mtawala, kisha mwaka 1897 akanyongwa akishukiwa kumsaidia kaka yake. Zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa atakayemleta Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa pale Mlambalasi, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani.

Fuvu hilo liliingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilirudishe. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na mwaka 1954 akamkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Kiukweli, wapo wanaojiuliza hadi leo kama ndilo lenyewe. Swali hilo nalo ni sehemu ya historia: waliochukua mabaki ya watu wetu hawakujali hata kuyaandika majina.

Kwa hiyo bumu likiingia, usilimalize lote kwenye chips. Anza na makumbusho ya Boma pale mjini, panda mwamba wa Gangilonga, yaani jiwe linaloongea, halafu nenda Kalenga ukalione fuvu kwenye kabati lake la kioo. Kaburi lipo Mlambalasi, kama kilometa 50 kutoka mjini. Huko nendeni kikundi mchangie usafiri. Wa Mbeya, mkirudi likizo teremkeni Isimila, zipo zana za mawe za kale sana.

Ila ukifika Kalenga usiishie kupiga selfi. Muulize mwongozaji kuhusu Lugalo, kisha muulize na kuhusu Merere. Ukiwa Mhehe nenda na rafiki Msangu, mkasikilize pamoja.