Elmer Keith

Elmer Merrifield Keith (Hardin, Missouri, 8 Machi 1899 – Idaho, 14 Februari 1984) alikuwa mfugaji, mwindaji na mwandishi wa Marekani. Anakumbukwa hasa kwa mchango wake katika kupatikana kwa risasi za bastola zinazoitwa .357 Magnum (1935), .44 Magnum (mwisho wa 1955) na .41 Magnum (1964). Hakuwa mhandisi, na elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Majaribio yake aliyafanya nyumbani kwa vifaa vya mkono vya kujazia upya maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika, kisha akayaandika katika majarida mpaka viwanda vikamsikiliza. Jambo hilo lilichukua miaka thelathini hivi.

Maisha ya awali

Keith alizaliwa Missouri lakini alikulia Montana, ambako familia yake ilihamia akiwa mtoto. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, nyumba ya wageni walimokuwa wakiishi mjini Missoula iliteketea kwa moto. Aliungua vibaya, na waliomhudumia hawakutarajia kwamba angepona. Mkono wa kushoto ulipopona ulikuwa umejikunja kwa nyuma, hauwezi kushika kitu. Hapo ndipo familia ilipoamua kuvivunja upya vidole na kuvinyoosha kwa kuufunga mkono kwenye ubao. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani, bila daktari. Habari hizi zinatokana na tawasifu yake mwenyewe, na Keith hakuwa mtu wa kupunguza chumvi katika masimulizi. Hata hivyo makovu yalikuwepo, nayo alikaa nayo maisha yote.

Ujanani alichunga ng'ombe, alifundisha farasi wakali na kuongoza wawindaji milimani. Katika mji wa Helena aliwafahamu wazee waliopigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861–1865), ambao bado walikuwa na bastola zao za zamani na walijua kuzitumia. Kutoka kwao alijifunza mapema kwamba bastola inaweza kulenga mbali kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mwaka wa 1926 alimwoa Lorraine Randall. Waliishi kwanza Durkee katika jimbo la Oregon, kisha Idaho, kwenye shamba karibu na mkono wa kaskazini wa mto Salmon, na hatimaye katika mji wa Salmon wenyewe.

Kujaza risasi nyumbani

Kwa Kiswahili neno "risasi" hubeba mambo matatu: metali, kipande kinachoruka kutoka mtutuni, na kitu kizima kinachoingizwa katika bunduki. Ili msomaji asichanganyikiwe, hapa kitu kizima kinaitwa risasi, kipande kinachoruka kinaitwa kichwa, na metali inaitwa plumbi.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la aloi ya shaba na zinki, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani yake, na kichwa kilicho mdomoni. Ikifyatuliwa, fataki hulipuka na kuwasha baruti, baruti hugeuka gesi, na gesi hukisukuma kichwa. Linalobaki ni ganda. Nalo ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo mtu aliyeishi mbali na duka, mwenye fedha kidogo, hakulitupa. Sheria za Marekani zilimruhusu, na bado zinamruhusu, mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe.

Kazi yenyewe ina hatua chache. Fataki iliyoungua husukumwa itoke. Ganda lililotanuka kwa joto na nguvu ya gesi hupitishwa katika tundu la chuma kigumu ili lirudi kipenyo chake. Fataki mpya hubanwa mahali pake, baruti iliyopimwa humiminwa, kichwa husukumwa mdomoni, na mwisho mdomo wa ganda hukunjwa kidogo ukishike kichwa. Kosa la kupima baruti halionekani kwa macho baada ya hapo. Litajulikana wakati wa kufyatua.

Kifaa kilichoifanya kazi hiyo iwezekane juu ya meza ya jikoni kilikuwa koleo la kampuni ya Ideal, iliyoanzishwa na John Barlow huko New Haven, Connecticut, mwaka wa 1884. Lilifanana na koleo la fundi, likifanya kazi kwa kanuni ya wenzo: mikono mirefu, nguvu kubwa mdomoni. Baadhi ya makoleo hayo yalikuwa hata na kalibu ya kuyeyushia kichwa kwenye ncha yake. Kampuni ya Lyman iliinunua Ideal mwaka wa 1925, na chini ya Lyman ndipo jina la Keith lilipoingia katika orodha ya vifaa hivyo. Mbali na koleo, mtu alihitaji mizani ndogo, chungu cha chuma cha kuyeyushia plumbi, kijiko chenye mdomo, na kalibu.

Ajali ya 1925

Tarehe 4 Julai 1925, siku ya uhuru wa Marekani, Keith alikuwa akifyatua risasi hewani kwa kusherehekea. Bastola yake ilikuwa ya Colt, aina yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi sita, ya kipimo cha .45. Risasi alizijaza mwenyewe kwa baruti nyeusi na vichwa vizito vilivyokusudiwa bunduki, si bastola. Silinda ilipasuka, na sehemu yake ya juu pamoja na upau wa chuma uliopita juu yake vikaruka. Yeye hakuumia sana.

Watu wengi wangeacha mchezo huo. Keith alitafuta sababu. Silinda ya Colt ilikuwa na ukubwa ule ule kwa vipimo vyote viwili, .45 na .44, hivyo matundu ya .45, yakiwa mapana zaidi, yaliacha kuta nyembamba kati yake. Mwanafunzi wa fizikia ataona mara moja: kwa shinikizo lile lile, ukuta mwembamba hupasuka kwanza. Basi akaiacha .45 akahamia risasi ya .44 Special, iliyokuwepo tangu 1907 lakini ikiuzwa na viwanda kwa nguvu ndogo.

Kichwa cha Keith

Vichwa vya plumbi vya wakati huo vilikuwa na ncha ya mviringo, ambayo hupenya nyama na kuacha tundu dogo linalojifunga. Keith alitaka kichwa kinachoua mnyama haraka na kufika mbali bila kuyumba. Mchoro aliompatia mtengenezaji ulikuwa na pua pana iliyokatwa bapa, bega kali la kukata tundu safi, mikanda mitatu ya upana sawa ya kushika mifereji ya mtutu, na mfereji wa mraba wenye kina wa kuhifadhi mafuta. Mafuta hayo si pambo: bila hayo plumbi hujipaka ndani ya mtutu na kuharibu shabaha.

Lyman ilitengeneza kalibu hizo kwa jina la Ideal. Ile ya .44 ilipewa namba 429421, ya .45 ikapewa 454424, na ya .38 ikapewa 358429. Tarakimu tatu za mwanzo ni kipenyo kwa sehemu za elfu za inchi. Hivyo 429 ni karibu milimita 10.9. Kichwa kutoka kalibu ya .44 kina uzito wa gramu 16 hivi. Kwa risasi zenye nguvu Keith alipendelea mchanganyiko wa sehemu 1 ya bati kwa sehemu 16 za plumbi, kwa sababu plumbi tupu ni laini mno. Kalibu hizo zilinunuliwa na wajazaji wengi nchini kote. Kwa njia hiyo mawazo ya mchungaji mmoja yalianza kujaribiwa na watu ambao hakuwahi kukutana nao.

Mmoja aliyefunga safari kumwona alikuwa Harold Croft wa Pennsylvania, aliyefika Durkee mwaka wa 1928 akiwa na bastola zake ndani ya sanduku. Matokeo ya mashauriano yao yalikuwa bastola iliyorekebishwa, maarufu kwa jina la Namba 5, ambayo Keith aliieleza katika jarida la American Rifleman mwaka wa 1929.

Viwanda vinasikiliza

Katika miaka ya 1930 baruti mpya isiyo na moshi iitwayo 2400, ya kampuni ya Hercules, ilimpa alichokuwa akikitafuta, yaani nguvu kubwa bila mshtuko wa ghafla wa baruti zilizotangulia. Majaribio yake katika maganda ya .38, pamoja na yale ya Philip Sharpe, yalitangulia risasi ya .357 Magnum iliyotolewa na Smith & Wesson na Winchester mwaka wa 1935. Sifa kubwa kwa risasi hiyo hupewa Sharpe na Douglas Wesson. Keith aliipokea, lakini akaendelea kuandika kwamba .44 ni bora.

Aliandika hivyo kwa miaka mingine ishirini. Viwanda viliogopa kwamba risasi yenye nguvu ya .44 ingeingizwa katika bastola za zamani na kuzipasua, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Yeye mwenyewe alikuwa shahidi. Suluhisho lilipatikana wakati Remington ilipokubali kutengeneza ganda refu zaidi kwa milimita 3.2, lisiloweza kuingia katika silinda ya .44 Special. Smith & Wesson ikatengeneza bastola, na mwisho wa 1955 .44 Magnum ikawa tayari. Keith alipata moja ya bastola za kwanza.

Hata hivyo kilichotoka kiwandani hakikuwa alichokiomba. Alitaka kichwa kizito chenye kasi ya mita 366 hivi kwa sekunde. Remington ilitoa kichwa chepesi kidogo, cha plumbi laini, chenye kasi kubwa zaidi, na kikaacha plumbi mtutuni. Kwa hiyo mtu aliyedai risasi ya kiwanda kwa miaka mingi alirudi mezani kwake kujaza maganda mapya kwa kalibu yake ya zamani. Umaarufu wa .44 Magnum kwa watu wasiojua lolote kuhusu kalibu ulikuja mwaka wa 1971 kupitia filamu Dirty Harry.

Bunduki, uhasama na Afrika Mashariki

Kwa upande wa bunduki, Keith pamoja na Charles O'Neil na Don Hopkins walibuni risasi zilizoitwa kwa herufi za majina yao, OKH. Ile ya .333 OKH ni mojawapo ya zilizotangulia .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya kukagua bunduki katika ghala la silaha la Ogden, Utah.

Imani yake katika vichwa vizito na vipana ilimgombanisha na Jack O'Connor, mwandishi wa jarida la Outdoor Life aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu na mpenzi wa risasi nyepesi yenye kasi ya .270. Wasomaji walifurahia ugomvi huo kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba wote wawili waliua wanyama wakubwa kwa risasi walizozitetea.

Keith alifika pia Tanganyika kuwinda, na mwaka wa 1968 akachapisha kitabu chake kiitwacho Safari, neno ambalo Kiswahili kimeikopesha dunia. Vitabu vyake vingine vinavyosomwa bado ni Sixgun Cartridges and Loads (1936), Sixguns (1955) na tawasifu Hell, I Was There! (1979).

Ukosoaji

Simulizi lililobishaniwa kuliko yote ni lile la paa aliyejeruhiwa ambaye Keith alisema alimpiga kwa bastola ya .44 Magnum kutoka umbali wa yadi 600, yaani karibu mita 550. Wapo waliomwita mwongo. Yeye hakuwahi kudai kwamba ni umbali wa kawaida wa kuwinda. Alieleza kwamba mnyama alikuwa akitoroka na jeraha la risasi ya mwenzake.

Ukosoaji wenye uzito zaidi unahusu vipimo vyake vya baruti. Maabara za viwanda zilipima shinikizo kwa kuangalia jinsi kipande kidogo cha shaba kilivyobonyea. Keith hakuwa na chombo hicho. Alikadiria kwa mkono na jicho: je, ganda linatoka kwa urahisi, fataki imebonyea kiasi gani? Dalili hizo huonekana mara nyingi baada ya kiasi cha salama kupitwa. Isitoshe, maganda ya ujana wake yalikuwa na kitako chembamba na nafasi kubwa ndani, ilhali yaliyofuata yana kitako kinene. Baruti ile ile katika nafasi ndogo huleta shinikizo kubwa zaidi. Ndiyo sababu vitabu vya ujazaji vya leo huonyesha viwango vya chini kuliko vyake, na anayenakili namba kutoka vitabu vyake vya zamani anacheza na jambo lililoipasua Colt ya 1925.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1973 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Outstanding American Handgunner. Kiharusi cha mwaka 1981 kilimnyamazisha, naye alifariki tarehe 14 Februari 1984, akiwa na umri wa miaka 84. Silaha zake zilitunzwa na familia na kuonyeshwa kwa muda mjini Boise, kisha nyingi ziliuzwa kwa mnada mwaka wa 2015, bastola Namba 5 ikiwa miongoni mwake.