Mwana wa Mfalme Aliyeshusha Cheo Chake

George, Duke wa Kent, alizaliwa Sandringham, Uingereza, tarehe 20 Desemba, 1902. Baba yake alikuja kuwa Mfalme George wa Tano, na ndugu zake wawili walitawala baada ya baba yao.

Katika ujana wake alitumika katika manowari mpaka mwaka 1929, ndipo afya yake ilipomtoa baharini. Lakini hakukaa bure. Aliingia katika kazi ya ofisi za serikali, akawa wa kwanza wa ukoo wake kufanya hivyo, na baadaye akazunguka viwandani kukagua hali ya wafanyakazi. Mwaka 1934 alimwoa Marina, binti wa ukoo wa kifalme wa Ugiriki, wakapata watoto watatu.

Wakati wa vita, mwaka 1940, alitiwa katika Jeshi la Anga. Cheo chake huko kilikuwa kikubwa, lakini aliona si haki kuwa juu ya maofisa waliomzidi ujuzi. Basi akakubali kwa hiari yake kushushwa cheo. Kazi yake ilikuwa kuzuru vituo na kuangalia jinsi askari wanavyotunzwa.

Tarehe 25 Agosti, 1942, alipanda ndege Invergordon, Scotland, ili kwenda kuwazuru askari wa Iceland. Ndege hiyo, aina ya Sunderland, ilikuwa na injini nne, na tumbo lake lilifanyizwa kama mashua, ipate kuruka na kutua majini. Yaliyopasa ni kufuata pwani, isipite juu ya milima. Lakini ukungu ulikuwa mzito. Ndege ikaiacha pwani, ikaingia bara ikiwa chini mno. Baada ya nusu saa hivi ikapiga ubavu wa kilima katika Caithness, ikawaka moto.

Kati ya watu 15, walikufa 14, na Duke mmoja wao. Askari aliyekaa mkiani peke yake alipona. Ingawa aliungua, alijikokota hata akafikia nyumba ya watu siku ya pili.

Duke alikuwa na umri wa miaka 39, na mwanawe mdogo, Michael, alikuwa wa majuma saba tu. Msalaba wa mawe umesimamishwa kilimani kwa ukumbusho wake na wenzake. Ukungu haukuchagua mkubwa wala mdogo. Naye alikuwa amekwisha kuchagua kuwa pamoja nao.